Nasema Nawe: Hadhara, Umati na Mtazamaji katika Uchoraji wa Michael Armitage



1. Utangulizi

Neno mhadhara lina ndugu wengi katika Kiswahili. Kutokana na shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuwapo au kufika mbele ya watu, Kiswahili kimepata kuhudhuria, mahudhurio, hadhara, hadhira na mhadhara wenyewe. Anayehudhuria ni mtu aliyepo, hadhara ni mahali au hali ya kuwapo pamoja na wengine, na hadhira ni wale waliopo wakasikiliza au wakatazama. Ikumbukwe kwamba neno hadhari, ambalo masikio ya wengi hulidhania kuwa la ukoo huohuo, limetoka katika shina jingine lenye maana ya kujilinda na kutahadhari. Hata hivyo, katika mada ya leo hadhara na hadhari zitakaribiana sana.

Mada hiyo ni uchoraji wa Michael Armitage, mmoja wa wachoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki ambao kazi zao zinahusu watu: miili yao, mikusanyiko yao, na nafasi wanazogawana. Huenda ikaulizwa mchoraji anaingiaje katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, baadhi ya kazi zake zina majina ya Kiswahili, na majina hayo yanastahili kusomwa kwa makini kama yasomwavyo majina ya tungo. Pili, nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili, hususan dhana ya hadhira, inaeleza jambo ambalo istilahi za kawaida za sanaa za maonyesho hazilielezi vizuri.

Katika fasihi simulizi, fanani na hadhira huwa mahali pamoja. Fanani akisema "Paukwa", hadithi haiendi mpaka hadhira ijibu "Pakawa". Hadhira ni sehemu ya tendo. Katika uchoraji, kwa kawaida, mtazamaji hufika mchoraji akiwa ameshaondoka, naye husimama mbele ya picha kama mtu asimamaye dirishani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Armitage huliondoa dirisha hilo. Humpa mtazamaji nafasi ndani ya mkusanyiko, na kwa kufanya hivyo humgeuza kutoka mtazamaji wa mbali kuwa hadhira kwa maana kamili ya neno: mtu aliyepo, na anayewajibika kwa kuwapo kwake.

2. Mchoraji na kitambaa chake

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake akiwa Mkikuyu na baba yake Mwingereza. Alisomea sanaa katika Slade School of Fine Art mjini London, akahitimu mwaka 2007, kisha akaendelea na masomo katika Royal Academy Schools hadi mwaka 2010. Kazi zake zilikuwamo katika maonyesho makuu ya Venice ya mwaka 2019, na baadaye zilionyeshwa Haus der Kunst mjini Munich na Royal Academy mjini London.

Wachoraji wengi wa rangi za mafuta hutumia turubai. Armitage huchora juu ya lubugo, yaani nguo ya gome la mti itengenezwayo Uganda, ambayo alikutana nayo katika soko la bidhaa za watalii jijini Nairobi. Sanaa ya kutengeneza nguo hiyo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Gome la ndani la mti uitwao mutuba huvunwa wakati wa mvua. Mafundi hulipiga kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, wakiwa bandani ili lisikauke upesi, mpaka liwe laini na lipate rangi ya udongo uliochomwa. Mti ulioambuliwa gome hufungwa majani ya mgomba, ukapona, na ukatoa gome jingine. Katika Buganda nguo hiyo ilivaliwa katika sherehe za kutawazwa kwa wafalme, na imetumika kuwasitiri wafu kaburini.

Lubugo haliko sawasawa kama turubai. Lina matundu, makovu na mishono mahali fundi alipounganisha vipande. Armitage hayafichi hayo. Mara nyingi tundu hubaki tundu, na mshono hupita katikati ya uso au anga. Kwa hiyo kila mkusanyiko wa watu anaouchora umekaa juu ya kitu kilichokwisha kupigwa, kutobolewa na kushonwa. Ni nguo yenye historia ya enzi na ya maziko kabla hata rangi haijawekwa.

3. Umma na umati

Kiswahili kina maneno mengi ya watu waliokusanyika: kundi, halaiki, kadamnasi, mkutano, umma, umati. Mawili ya mwisho yanafaa kuangaliwa pamoja, kwa kuwa yote yametokana na neno moja la Kiarabu lenye maana ya jumuiya. Hata hivyo matumizi yameyatenga. Umma una heshima: kuna mali ya umma, utumishi wa umma, maslahi ya umma. Umati hauna heshima hiyo. Umati hufurika, husukumana, hutawanywa. Watu wale wale waliosimama mahali pale pale waweza kuitwa umma na msemaji mmoja, na umati na mwingine. Tofauti haimo katika watu bali katika jicho la anayewataja.

Mwaka 2017, Kenya ilipokuwa katika harakati za uchaguzi mkuu, Armitage alifuatana na watengenezaji wa habari za televisheni hadi kwenye mkutano wa hadhara wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kutokana na michoro ya haraka aliyoichora na kumbukumbu za siku ile alitoa mfululizo wa picha ulioonyeshwa Venice miaka miwili baadaye. Mojawapo ni "The Fourth Estate" ya mwaka 2017. Jina hilo kwa Kiingereza hutumiwa kwa vyombo vya habari, kama Kiswahili kinavyosema mhimili wa nne. Lakini walio juu katika picha hiyo ni watu waliopanda mti ili waone mkutano. Mpangilio wao unakumbusha chapa ya Mhispania Francisco Goya, iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 19, inayoonyesha watu waliokaa juu ya tawi.

Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kisiasa Afrika Mashariki anawafahamu watu wa mtini. Wamepanda ili waone, nao kwa kupanda wamekuwa wa kuonekana. Ni hadhira na ni tamasha kwa wakati mmoja. Je, wanastahili kuitwa umma au umati? Mchoraji hajibu. Amewapa ukubwa na rangi ambazo uchoraji wa Ulaya uliwawekea watakatifu na wafalme, lakini hakuwaondolea hatari ya tawi. Mtazamaji aliyesimama chini ya picha hujikuta amesimama mahali ambapo mhudhuriaji wa kawaida angesimama, akiinua shingo. Amekwisha kuingia mkutanoni kabla hajaamua awaite nani.

Katika kazi za kipindi hicho hicho imo picha ya mwaka 2019 iitwayo "Mkokoteni". Neno hili ni hazina kwa mwanaisimu. Umbo lake linabeba ndani yake amri ya wingi ya kitenzi kokota: kokoteni! Chombo kimepewa jina la wito unaotolewa na mtu mmoja kwa wengi ili wakivute pamoja. Ni nadra kupata nomino ambayo ndani yake tayari kuna watu wawili au zaidi wanaosemezana. Mchoraji wa mahusiano ya watu hakuhitaji kutafuta jina mbali.

4. Macho hayana pazia

Kuna methali isemayo kwamba macho hayana pazia. Kwa kawaida hutumiwa kama udhuru: jicho limeona kwa sababu halina cha kulizuia, basi mwenye jicho asilaumiwe. Picha nzito kuliko zote za Armitage inaukataa udhuru huo.

Mwezi wa Novemba 2014, jijini Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo kwa nguvu na kundi la wanaume kituoni mwa magari ya abiria, kwa madai kwamba vazi lake halikuwa la heshima. Tendo hilo lilirekodiwa kwa simu na kusambazwa. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake na wanaume waliandamana jijini chini ya kaulimbiu ya Kiingereza yenye maana ya "vazi langu, uamuzi wangu". Kabla ya mwaka kwisha, Kenya ilikuwa imetunga kifungu cha sheria kinachofanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10.

Mwaka 2015 Armitage alichora picha akaipa jina la kaulimbiu hiyo, "#mydressmychoice". Mwanamke amelala, mwili wake umelazwa kwa namna inayomkumbusha mtazamaji mchoro mashuhuri wa Diego Velázquez wa karne ya 17, ambamo mungu wa kike Venus amelala mbele ya kioo. Katika ukingo wa juu wa picha imejipanga miguu ya wanaume na viatu vyao. Vichwa vyao havionekani.

Mpangilio huo una matokeo mawili. La kwanza ni kwamba wanaume wa picha hawana macho ya kulaumiwa. Macho yaliyobaki ni ya mtazamaji. La pili ni kwamba miguu ile imefanya nusu ya duara, na mtazamaji, aliyesimama upande wa pili, ndiye anayelikamilisha. Yeyote anayeitazama picha hiyo amesimama kwenye pengo la duara. Hawezi kudai kwamba anapita njia tu. Hapa ndipo hadhara inapokutana na hadhari: kuwapo si jambo lisilo na athari, na aliyepo hana budi kujihadhari na kuwapo kwake.

Pingamizi moja halina budi kupewa nafasi. Inaweza kudaiwa kwamba kuchora tendo la aibu ni kulirudia, na kwamba mwanamke aliyevuliwa nguo mbele ya kundi dogo sasa anaonyeshwa uchi mbele ya kundi kubwa zaidi, tena katika majumba ya sanaa ya ng'ambo. Pingamizi hili ni zito na halitatuliwi kwa kusema kwamba sanaa ina uhuru wake. Katika maadili ya Waswahili, jambo la kwanza alifanyialo mtu mwema aliyemkuta mwenziwe yu uchi ni kumsitiri, kabla ya kuuliza lolote. Mchoro hauwezi kumsitiri mtu huku ukimwonyesha.

Hata hivyo kuna jambo ambalo pingamizi hilo halilioni, nalo limo katika kitambaa chenyewe. Picha hiyo si nakala ya video, na haikuchorwa juu ya turubai. Imechorwa juu ya lubugo, nguo ambayo watu wa Buganda wamewasitiria wapendwa wao. Aliyevuliwa nguo na umati amewekwa juu ya nguo. Zaidi ya hayo, nguo hiyo imetokana na mti uliovuliwa gome, ukafungwa majani, ukapona. Si lazima mchoraji awe alikusudia kila sehemu ya ulinganifu huu ili uwe na nguvu. Maana ya nyenzo imekwisha kuwekwa na mafundi wa Buganda karne nyingi kabla yake. Kwa hiyo picha inamfunua mwanamke huyo upande mmoja, na upande wa pili inamtandikia sitara. Kama sitara hiyo inatosha ni swali ambalo kila mtazamaji hubaki nalo.

5. Kumsema, kumsemea, kusema naye

Mwaka 2016 Armitage aliipa picha yake nyingine jina la Kiswahili, "Nasema Nawe". Hapa jina peke yake ndilo litakalochunguzwa, kwa sababu lina maneno mawili tu na ndani yake mna kanuni nzima ya mahusiano.

Kitenzi sema kina tabia ya pekee katika Kiswahili. Kumsema mtu ni kumsengenya au kumkaripia. Mtu huyo ni shabaha ya maneno. Kumsemea ni kusema kwa niaba yake, au kupeleka habari zake kwa mkubwa ili aadhibiwe. Mtoto wa Kiswahili anaijua maana hii ya pili kuliko ya kwanza. Kusema naye ni jambo tofauti kabisa. Kihusishi na humleta mtu wa pili kando ya msemaji, si mbele yake kama shabaha wala nyuma yake kama mzigo. Tena kuna kusemezana, ambako kila mmoja ni msemaji na msemeshwaji.

Ngazi hizi nne zaweza kutumiwa kuhakiki uchoraji wowote wa watu. Uko uchoraji unaowasema watu: huwafanya kichekesho au kielelezo cha dhiki. Katika Afrika Mashariki, uchoraji wa kuwauzia wageni sura ya mwenyeji asiye na jina uliingia mara nyingi katika kundi hili. Uko uchoraji unaowasemea watu, wenye nia njema, lakini unaobeba hatari ya kinyume chake iliyomo katika kitenzi chenyewe. Uchoraji wa kusema na watu ni mgumu zaidi, kwa kuwa unadai kwamba anayechorwa na anayetazama wawe na lugha moja.

Hapa pana swali ambalo mhakiki wa Kiswahili hawezi kulikwepa: "nawe" ni nani? Picha yenye jina hilo inapotundikwa London au Munich, watazamaji wengi hupita mbele yake bila kujua kwamba wamesemeshwa. Msemaji wa Kiswahili, akitokea humo ukumbini, ndiye peke yake anayegeuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni. Jina la Kiswahili kwa hiyo si pambo. Linagawa hadhira, na linampa haki ya kwanza yule ambaye kwa kawaida ndiye mgeni katika kumbi hizo.

Armitage mwenyewe hakuachia jambo hili kwenye majina tu. Maonyesho yake ya Munich na London yaliandamana na kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, wakiwamo Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Asaph Ng'ethe Macua na Meek Gichugu, chini ya jina la Kiswahili "Mwili, Akili na Roho". Mwaka 2020 alianzisha jijini Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa iitwayo Nairobi Contemporary Art Institute, isiyo ya kibiashara, kwa ajili ya kuonyesha na kuhifadhi kumbukumbu za sanaa ya eneo hili. Kuwataja waliotangulia ni adabu inayofahamika vyema na washairi wa Kiswahili. Elimo Njau, aliyechora maisha ya Kristo katika mandhari ya Kenya kwenye kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Jina hilo nalo ni mchezo wa maneno, la kwanza likitaja mnyama na la pili kuruka kwake. Wachoraji hawa walikifikiria Kiswahili muda mrefu kabla ya idara za Kiswahili kuwafikiria wao.

6. Mahali na tarehe

Baadhi ya picha za Armitage zimebeba tarehe ndani ya majina. "Hornbill (21st–24th September 2013)" ya mwaka 2014 inataja siku nne za shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi. "Curfew (Likoni March 27 2020)" ya mwaka 2022 inataja jioni ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku wakati wa ugonjwa wa korona, ambapo polisi waliwapiga kwa marungu na kuwatupia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni, Mombasa, wakitaka kufika makwao kabla ya saa moja.

Msomaji wa tenzi hashangazwi na majina ya namna hii. Watunzi wa tenzi huweka katika tamati tarehe, jina la mtunzi na hata idadi ya beti, na utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima ulichapishwa kwa jina lenye mwaka wake wa Hijria, 1307. Tarehe katika utenzi ni shahada: mtunzi anathibitisha kwamba jambo lilikuwa, na wapi, na lini. Tarehe katika jina la picha inafanya kazi hiyo hiyo. Inazuia tukio lisigeuke kuwa mfano wa jumla wa mateso ya Waafrika, ambao mtazamaji wa mbali angeweza kuusikitikia bila kuulizwa kitu.

Na kivuko cha Likoni ni mahali pa pekee. Hapo makuli, mwanafunzi, mchuuzi na karani husimama pamoja, bila kujuana, kwa sababu maji ni yale yale kwa wote. Ni baraza la watu wasio na mwenyeji. Jioni ile, waliokuwa umma wakirejea makwao waligeuzwa kuwa umati wa kutawanywa, bila wao kubadilisha lolote. Lililobadilika ni jina waliloitwa na mwenye rungu.

7. Hitimisho

Imedaiwa katika mhadhara huu kwamba uchoraji wa Michael Armitage unamrudisha mtazamaji katika hali ya hadhira. Humweka chini ya mti wa Uhuru Park, kwenye pengo la duara la wanaume, na kivukoni Likoni, kisha humwachia aamue kama waliomzunguka ni umma au umati. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili, kwa maumbo yake ya maneno na kwa nadharia ya fasihi yake, kina vyombo vya kulieleza jambo hilo kwa usahihi.

Limebaki deni moja. Wachoraji wametangulia kuzipa kazi zao majina ya Kiswahili. Uhakiki wa Kiswahili haujawafuata kwa kiasi kinachostahili. Idara za Kiswahili zimefundisha uhakiki wa riwaya, tamthilia na ushairi kwa miongo mingi, na wahitimu wao wanaweza kuandika maelezo ya picha, katalogi za maonyesho na istilahi za uchoraji ambazo mwalimu wa shule atazielewa. Kazi hiyo haihitaji kusubiri. Mtu akisemeshwa kwa lugha yake na asijibu, aliyemsemesha ana haki ya kudhani kwamba hayupo.